Jambo la Chini ya Ulimi

Wanafunzi wa sheria walimwita Mama Kesi, na jina likamkaa mpaka mumewe naye akaanza kulitumia nyumbani. Ukweli ni kwamba hakuwa na kesi hata moja. Hakuwahi kushtaki wala kushtakiwa, na askari aliwajua kwa kuwaona barabarani tu. Lakini katika chuo chao alikuwa amefukuzwa na wenye nyumba, amenyimwa mishahara, ameng'atwa na mbwa wa jirani, na amefiwa na waume wengi kuliko mwanamke yeyote unayemjua. Hayo yote yalimpata siku za Jumanne asubuhi, katika chumba chenye meza moja na viti vitatu, pale karibu na ngazi.

Kazi yenyewe ilimwangukia tu. Alikuwa mfagiaji wa jengo hilo. Asubuhi moja mtu aliyetakiwa kuja kuigiza mteja hakutokea, na mwalimu wa mazoezi akatoka mlangoni amefura, akamwona na fagio lake.

"Mama, hebu weka hilo fagio, njoo ukae hapa kidogo. Wewe umefukuzwa kwenye chumba cha kupanga. Watakuuliza, wewe jibu."

Akakaa, akajibu. Mwanafunzi wa kwanza kumhoji alitoka akifuta macho, wa pili alitoka akimlaani mwenye nyumba ambaye hakuwepo duniani, na mwalimu akabaki ameshika kidevu. Tangu hapo fagio likawa la siku nyingine, na Jumanne ikawa siku ya kiti.

Mwalimu huyo alikuwa wakili, mwanamke wa sauti ya taratibu. Wanafunzi walimbatiza Kengele, kwa sababu ya kengele ndogo ya shaba aliyoiweka mezani. Akiigonga, zoezi limeanza. Akiigonga tena, limekwisha, na kila mtu anarudi kuwa mtu wake. Kengele aliamini kwamba mwanafunzi aliyekariri vitabu vyote na hajawahi kumsikiliza mtu mwenye shida ni wa kuogopwa kuliko yule asiyejua kitu, na alilisema hilo wazi mbele ya walimu wenzake wa vitabu, ambao hawakumpenda sana.

Kila zoezi lilikuwa na maelezo yake, na mwisho wa maelezo palikuwa na kitu walichokiita jambo la chini ya ulimi. Ni jambo moja linaloigeuza kesi nzima: pengine mwenye nyumba ni kaka yake mpangaji, pengine mbwa alichokozwa kwanza. Mteja halitoi mpaka aulizwe. Asidokeze, asikohoe, asitupe jicho.

"Watu wa kweli ndivyo walivyo," Kengele alimwambia mwanzoni. "Mtu atakueleza yote, isipokuwa lile unalolihitaji."

Mama Kesi akalishika hilo, kisha akaongeza kanuni yake mwenyewe. Wanafunzi walifundishwa kumaliza mahojiano kwa kuuliza, "Kuna jambo lolote sijakuuliza?" Wengi waliliuliza huku wanafunga mkoba, au macho yao yako mlangoni. Hao aliwajibu, "Hakuna, mwanangu," akawaacha waende na kesi iliyotoboka. Aliyeweka kalamu chini na kumtazama usoni, huyo alipewa. Baada ya kengele aliwasema bila kuwaonea haya. "Uliniuliza kama unayeuliza basi linaondoka saa ngapi. Ungekuwa wewe, ungeniambia siri yako?" Wakacheka, wakaona aibu, na wengine wakajifunza.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa mageti na madirisha ya chuma, mikono imejaa makovu madogo ya cheche, mdomo haupumziki. Kila Jumanne jioni, kabla mkewe hajavua viatu, swali lake lilikuwa lile lile: "Haya, Mama Kesi, leo umekuwa nani?"

"Leo nimefiwa na mume."

Hapo fundi huvuta kiti, akakunja uso wa msibani. "Pole sana. Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mkorofi. Na alikuwa anakoroma."

"Basi afadhali amekwenda. Umepata nafasi kitandani."

Walikuwa wakicheka mpaka jirani anagonga ukuta. Jirani huyo, mama mmoja mshonaji, aliugonga ukuta ule kila Jumanne, na kesho yake asubuhi akauliza walikuwa wanacheka nini.

Nyumba waliyokuwa wakichekea ilikuwa ya vyumba viwili, na uani karakana ya fundi. Kiwanja kilikuwa cha Mama Kesi. Hili lieleweke mapema, maana ndilo lililotaka kumtoa roho. Shangazi yake, mkunga aliyestaafu, alimpa kiwanja hicho kwa mdomo, mbele ya majirani, wakati yeye bado msichana, hajamjua fundi wala fundi hajamjua yeye. Fundi alikuja baadaye na chuma chake, wakajenga pamoja. Kwa kuwa aliyeonekana juu ya paa na nyundo ni mwanamume, watu wakazoea kusema nyumba ya fundi. Hata Mama Kesi mwenyewe alisema hivyo, na hakuona kimempungukia nini.

Fundi alifia karakanani, Jumamosi mchana, mashine bado inanguruma. Ni moyo, walisema hospitalini. Mama Kesi alifika, akamkuta amelala chali chini ya shuka la hospitali, miguu imetokeza na viatu vyake vya kazi. Akasimama pale akingoja kitu kije, uchungu au hofu, chochote. Hakikuja. Alichowaza ni kwamba viatu vile vitachafua shuka.

Mazikoni alilia. Alilia vizuri, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya, maana katikati ya kilio alikisikia kilio chenyewe na kukitambua. Kilikuwa kile cha mjane wa zoezi la muhula wa pili, kinachoanza chini, kikapanda, kikakatika ghafla. Alikuwa amekitengeneza mwenyewe mbele ya kioo cha choo cha chuo. Wanawake wakamshika mabega, wakamwambia ajikaze. Shangazi peke yake, ambaye siku hizo alisikia kwa sikio moja tu, alimtazama bila kupepesa.

"Mwanangu," akasema, "hicho si kilio chako."

Naye alijua ni kweli. Akatafuta kingine ndani yake, akakikosa, akaendelea na kile kile kwa sababu watu walikuwa wakitazama.

Baada ya hapo siku zikawa zinapita tu. Alikula akisukumiwa sahani. Aliungua mkono kwenye sufuria, akalitazama lengelenge linavyoinuka, akashangaa kuona haliumi inavyopasa. Jumanne alirudi kwenye kiti. Kengele alimuuliza kama anaweza, akasema anaweza, na kweli aliweza. Alikuwa mpishi wa shule aliyefukuzwa bila notisi, na kwa muda ule wote alikuwa na hasira halisi, hasira ya mpishi. Kengele ilipogongwa, hasira ikaondoka na mpishi wake. Akachukua fagio.

Jioni hiyo alikaa sebuleni na viatu vyake miguuni. Hakuna aliyemuuliza alikuwa nani.

Mdogo wa marehemu, shemeji yake, alikuwa dalali wa magari, mtu wa maneno matamu ya kumtoa nyoka pangoni. Alikuja na kofia mkononi, akamlilia kaka yake machozi ya kweli (tusimnyime haki yake), kisha akafuta uso, akageukia biashara. Alisema kiwanja kile kilipatikana kwa jasho la baba yao mzee. Kaka yake alijenga tu. Na kwa kuwa hawakujaliwa mtoto, nyumba inarudi kwenye ukoo.

"Hatukufukuzi, shemeji. Wewe ni mtu wetu. Jipange taratibu tu."

Taratibu yake ilikuwa ya haraka. Kesho yake akaifunga karakana kwa kufuli lake. Wiki haijaisha akaleta mtu wa kupiga rangi kuta za nje, akachagua na rangi. Mama Kesi aliposema hahami, shemeji akaenda mahakamani, na karatasi ya kuitwa ikaletwa nyumbani na kijana wa pikipiki. Ilikuwa wazi kabisa: akishindwa, anatoka. Nyumba ile ndiyo ilikuwa kitu cha mwisho alichobakiwa nacho kilichoguswa na mikono ya mumewe, kuanzia geti mpaka vitasa. Alilijua hilo kichwani, lakini moyoni palikuwa kimya.

Chuo kilikuwa na kituo cha msaada wa kisheria. Kila Alhamisi, katika chumba kile kile cha karibu na ngazi, wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliwasikiliza watu wenye shida za kweli, bila malipo. Tena mahakama za pale ziliruhusu mwanafunzi wa namna hiyo kumsemea mteja mbele ya hakimu, mradi mwalimu wake awe ameketi nyuma yake. Nafasi hizo ziligombewa, maana aliyeipata alitembea kwenye korido kifua mbele muhula mzima.

Alhamisi Mama Kesi alipokwenda, kwenye meza alikuwepo msichana mwembamba aliyeongea kana kwamba ameshakalia kiti cha juu. Wenzake walimwita Jaji, na yeye hakulikataa jina hilo hata kwa adabu.

"Mama Kesi! Umechanganya siku? Mazoezi ni Jumanne."

"Najua. Leo nimekuja mwenyewe."

Jaji akainuka. Akazunguka meza, akamvutia kiti. "Pole, Mama. Sikujua. Kaa."

Kilikuwa kiti chake kile kile, chenye mguu unaocheza. Alipokaa, mwili ukaijua kazi yake kabla ya kichwa. Mgongo ukanyooka, mikono ikaenda magotini, na lile jambo la kiwanja, ambalo njia nzima alikuwa akilipanga jinsi ya kulisema, likateremka lenyewe na kulala chini ya ulimi.

Jaji aliuliza vizuri. Waliishi katika ndoa kwa muda gani? Matofali alifyatua nani? Nani aliwapikia mafundi, nani alibeba maji, nani alisimamia mchanga usiibwe? Yalikuwa maswali ya kisasa, juu ya jasho la mke na sehemu yake katika mali ya ndoa, na Jaji alikuwa ameyasoma mpaka yakamkaa kwenye vidole. Mama Kesi aliyajibu yote, kwa ukweli, kwa sauti tambarare. Alichosubiri ni swali moja dogo: kiwanja kilikuwa cha nani? Halikuja. Kila mtu alikuwa akisema nyumba ya fundi, na Jaji naye alisema nyumba ya fundi.

"Basi, Mama, nadhani tumemaliza." Jaji alikuwa ameshasimama, kalamu mkononi, akimtafuta kwa macho mteja anayefuata. "Kuna jambo lolote sijakuuliza?"

"Hakuna, mwanangu."

Akatoka, akashuka ngazi, akafika chini, akasimama na mkono kwenye ukuta. Alijua amefanya nini. Angeweza kurudi, ngazi zenyewe hazikuwa nyingi. Lakini miguu haikuona sababu, naye hakuwa na nguvu za kubishana nayo.

Siku zilizofuata Jaji alifanya kazi kama punda, tusimseme vibaya. Kengele alimpitisha kwenye hoja zake mara nyingi, akamrekebisha, akamwuliza, "Umemhoji kila kitu?" Jaji akasema kila kitu. Kengele mwenyewe hakumhoji. Alimjua Mama Kesi miaka yote hiyo, na mtu unayemjua sana hukumbuki kumuuliza.

Kesi ikaangukia Jumanne. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, madirisha ya juu, mabenchi yaliyong'arishwa na makalio ya watu wenye wasiwasi. Hakimu alikuwa mzee aliyevaa miwani kwenye paji la uso na kuitafuta mezani. Jaji alikuwa amepiga pasi mpaka kola ikasimama. Nyuma yake alikaa Kengele, na pembeni Mama Kesi, amejifunga mtandio mweusi.

Shemeji alianza. Alieleza habari za baba yao mzee, jinsi alivyojinyima, jinsi alivyokipata kiwanja, jinsi alivyowaita wanawe wawili na kuwausia wasikiuze. Hata maneno ya mwisho ya mzee yalikuwemo. Mama Kesi alimsikiliza kwa makini. Akawaza: huyu amepewa karatasi nzuri, na ameisoma. Hakukasirika. Alimngojea amalize, kama anavyowangojea wenzake wa mazoezi.

Jaji akasimama na kusema juu ya matofali, mchanga na jasho la mke. Alisema vizuri kiasi kwamba karani aliacha kuandika akamsikiliza. Alipokaa, hakimu alishusha miwani.

"Binti, nimekuelewa. Lakini umenipa nusu. Kama kiwanja ni cha ukoo na jengo ni la mume na mke, sina namna. Nitaamuru iuzwe, kila mtu achukue chake. Mna neno jingine?"

Jaji akageuka kumtazama mteja wake. Na hapo ndipo akauona ule uso. Midomo imefungwa bila kukazwa, macho yameshuka kidogo, mikono magotini. Alikuwa ameuona mwaka mzima ng'ambo ya meza, na mara mbili ulikuwa umemwangusha kwenye zoezi.

"Mheshimiwa Hakimu, naomba dakika chache nizungumze na mteja."

Koridoni palikuwa na benchi chini ya dirisha. Jaji alimkalisha Mama Kesi, akakaa naye, akachukua kalamu yake na kuitumbukiza kwenye mkoba, akaufunga mkoba.

"Mama. Leo si zoezi."

"Najua."

"Hakuna wa kunipa alama hapa. Nimekosea mahali, na sijui ni wapi. Kuna jambo sijakuuliza." Akamtazama usoni. "Ni jambo gani?"

Mama Kesi akalihisi pale lilipolala, na kwa mara ya kwanza akalihisi uzito wake. Miaka yote, likishatoka jambo la chini ya ulimi, kinachofuata ni kengele. Mjane anavua mtandio, anaurudisha kwenye saraka ya meza ya mwalimu, anakwenda nyumbani, na huko kuna mtu anayemngoja ili amcheke. Ikiwa hajalitoa, basi zoezi bado linaendelea. Ikiwa linaendelea, hakuna aliyekufa.

"Kiwanja ni changu," akasema. "Nilipewa na shangazi, nikiwa sijaolewa. Yupo hai. Na huyo shemeji anajua, alikuwa kijana mdogo wakati tunajenga, alikuwa anatuchotea maji."

Jaji akamsogelea. "Mama, mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

"Ungepoteza nyumba!"

"Tungemaliza tu. Wewe ungepata alama mbaya, mimi ningerudi nyumbani."

"Nyumbani wapi, Mama?"

Mama Kesi akafungua mdomo kujibu. Mkono wake, wenyewe, ulikuwa umeshapanda kichwani kuuvua mtandio. Ukaugusa. Haukuwa ule wa kwenye saraka, ulikuwa wake, alionunuliwa kwa ajili ya mazishi. Akatazama mwisho wa korido. Kengele alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote, mikono mitupu. Hakuna kitu kilichogongwa. Ndani ya kifua pakaanza kuchoma, kama mguu uliokaliwa unapoanza kuamka, na kuamka kwenyewe ndiko kunakouma. Akaushusha mkono.

Kesi iliahirishwa wiki moja ili shangazi aletwe, na Jaji alimfuata mwenyewe. Shangazi alikuja amevaa saa yake ya ukunga, iliyosimama zamani, na akakasirika kwamba hakuambiwa mapema. Mahakamani aliomba aulizwe kwa upande wa kushoto, ule unaosikia. Alieleza jinsi alivyokitoa kiwanja na majirani gani walikuwepo, kisha akamgeukia shemeji kabla hajaruhusiwa.

"Na wewe si ndiye uliyekuwa unachota maji ya matofali kwenye kisima changu? Ukanivunjia ndoo?"

"Shangazi, usinisingizie," shemeji akaruka. "Ile ndoo ilikuwa na ufa tangu siku ya kwanza unanipa! Nilikwambia palepale tulipokuwa tunajenga, kiwanjani kwako, shangazi, mbele ya—"

Akanyamaza, lakini kwa kuchelewa. Mabenchi yakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Alishusha miwani, akaandika, akamwomba shemeji arudie vizuri ni kiwanjani kwa nani. Shemeji akashika kofia yake kwa mikono yote miwili. Hakurudia. Hata Jaji, ambaye alikuwa amejiandaa kwa maswali ya kurasa nyingi, aliona hana la kuongeza, akakaa. Kengele alimwambia baadaye kwamba kukaa kule ndiko kulikomridhisha kuliko hotuba yote.

Nyumba ikabaki kwa Mama Kesi. Watu walimkumbatia nje, Jaji akamlilia begani na kumlowesha, shangazi akadai chai. Aliwashukuru wote. Shemeji alimpita karibu, akamwekea ufunguo wa kufuli kiganjani bila kumtazama, akaenda zake. Mama Kesi alikuwa ameshinda, na kila mtu alimtazama usoni akitafuta furaha, naye akawapa tabasamu ili wasiendelee kutafuta.

Ilikuwa Jumanne, jioni. Alifungua geti ambalo mumewe alilichomelea, akapita karakanani, akaifungua, akaona kinyago cha kuchomelea kimeangalia chini juu ya msumari wake. Akaingia sebuleni. Akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu. Nyumba ilikuwa yake, yote, kuanzia kiwanja mpaka paa, na ilikuwa kimya.

"Leo nimefiwa na mume," akasema.

Akangoja. Mikono ilikuwa magotini, mgongo umenyooka. Alingoja aulizwe marehemu alikuwa mtu wa namna gani, maana ndivyo kazi ilivyomfundisha, hutoi mpaka uulizwe. Kiti cha pili kilikuwa mahali pake, kimesukumwa chini ya meza. Alingoja mpaka taa za barabarani zikawaka dirishani, na hapo ndipo akaelewa kwamba hataulizwa tena.

Basi akajibu bila kuulizwa. "Alikuwa na maneno mengi," akakiambia kiti. "Alikuwa anakoroma. Nilimpenda." Hilo la mwisho halikuwa limeandikwa kwenye karatasi yoyote, na lilipotoka likafuatwa na kilio ambacho hakukijua. Hakikuanza chini wala hakikupanda. Kilikuwa kibaya, cha pua na mate, hakina mpangilio, na hakikukatika.

Jirani akagonga ukuta, kama Jumanne zote. Akagonga tena. Kisha akaacha, akasikiliza, akazunguka nyumba na kuja kugonga mlango.